MTOTO UMLEAVYO NDIVYO AKUAVYO: SELI SHINA ZA UTUMBO NA MAJIRANI ZAKE

Na Katibu wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Nne

Najua wengi wenu mkilifungua jarida hili hukimbilia mashairi na vichekesho kwanza, kisha makala ndefu kama hii mnaiachia walimu. Leo nawasihi mnivumilie. Nataka tusome somo la Bayolojia kwa Kiswahili, na nina sababu. Sababu yenyewe ni mtoto wa dada yangu, mwenye umri wa miezi kumi na minne.

Kisa chenyewe

Ilikuwa likizo ya Aprili, mvua ya masika ikinyesha na mitaro ya mtaani imefurika. Usiku mmoja mtoto alianza kuharisha. Kufika asubuhi alikuwa ameharisha mara tano na kutapika mara mbili. Nyanya, ambaye alikuwa ametutembelea kutoka mashambani, alitoa amri: "Msimpe chakula. Wacheni tumbo lipumzike. Tumbo likiwa bovu halafu ulimwagie chakula, unalichokoza."

Dada alisita. "Lakini Nyanya, kule kliniki walituambia tuendelee kumlisha hata akiharisha."

Basi wote wawili wakanigeukia mimi. "Si wewe ndiye unasoma Bayolojia? Hebu sema."

Nami, kwa kuwa nilikuwa nimepata A katika mtihani wa muhula wa kwanza, nikajibu kama profesa: "Nyanya yuko sawa. Hata mashine ikiharibika lazima izimwe kwanza ndio itengenezwe."

Waliniamini. Mtoto akashinda kutwa kwa chai ya rangi vijiko viwili vitatu. Jioni macho yalikuwa yameingia ndani, analia bila machozi, na ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole. Tukambeba mbio hadi kliniki. Muuguzi alianza kumnywesha maji ya ORS kwa kijiko, kidogo kidogo, huku akiuliza: "Nani aliwaambia mumnyime mtoto chakula?" Hakuna aliyejibu. Nyanya aliangalia sakafu. Mimi niliangalia ukuta.

Namshukuru Mungu mtoto alipona. Lakini swali la muuguzi halikuniacha. Shule ilipofunguliwa nilimwendea mwalimu wetu wa Bayolojia nikamweleza yote. Hakunicheka. Alinipa vitabu, akaniambia, "Soma jinsi utumbo unavyojitengeneza, halafu urudi uniambie kama ni mashine." Haya ndiyo niliyoyapata.

Utumbo unavyojengwa

Utumbo mwembamba wa mtu mzima una urefu wa karibu mita 6. Ndani yake si laini kama mpira wa bomba. Umejaa vidole vidogo mno, kila kimoja kikiwa kama milimita moja au chini yake, ambavyo kazi yake ni kufyonza chakula kilichosagika. Vitabu vya zamani vilikuwa vikisema kuwa ukivikunjua vidole hivyo vyote utafunika uwanja wa tenisi. Mwaka wa 2014 watafiti wawili wa Uswidi, Helander na Fändriks, walipima upya wakapata kama mita 30 za mraba, yaani nusu ya uwanja wa badminton. Hata hivyo si haba.

Katikati ya vidole hivyo kuna vishimo. Vidole vimesimama juu, vishimo vimezama chini. Vidole ndivyo vinavyofanya kazi ya kufyonza, lakini vyote vinazaliwa vishimoni. Wahenga walisema ukitaka cha mvunguni sharti uiname, nasi hatuna budi kuinama.

Chini kabisa ya kila kishimo kuna seli shina. Seli shina ni seli ambayo ikijigawa inaweza kuzaa nyingine iliyo kama yenyewe, na pia inaweza kuzaa watoto watakaokuwa seli za kazi: za kufyonza, za kutoa ute, za kutoa homoni. Watoto hawa hupanda polepole kutoka shimoni kuelekea ncha ya kidole. Wakifika kileleni wanabanduka na kutoka pamoja na uchafu. Safari hiyo huchukua siku 3 hadi 5 tu. Fikiria foleni ya matatu jioni: anayeingia nyuma anamsukuma wa mbele, na wa mbele akipanda gari hayuko tena stejini. Foleni iko pale pale, watu ni wapya.

Jambo hili liliandikwa na C. E. Stevens na Charles Leblond mwaka wa 1948, waliochunguza matumbo ya panya. Mwaka wa 1974 Hazel Cheng na Leblond walionyesha seli nyembamba zilizobanana chini ya kishimo, wakasema hizo ndizo mama wa zote. Ilichukua zaidi ya miaka thelathini kuthibitisha. Mwaka wa 2007 Nick Barker na wenzake, katika maabara ya Hans Clevers mjini Utrecht, Uholanzi, waligundua alama ya kuzitambua, inayoitwa Lgr5. Mwaka wa 2009 Toshiro Sato wa maabara hiyo hiyo alichukua seli moja tu ya aina hiyo, akaipa mahitaji yake katika chombo, nayo ikajenga kijitumbo kidogo chenye vishimo vyake.

Sikiza vizuri hapo niliposema "akaipa mahitaji yake". Hapo ndipo somo letu linapoanzia.

Majirani wa kishimoni

Mtaa wetu huu ulipata jina lake kutokana na Carrier Corps, kile kikosi cha wapagazi waliobebeshwa mizigo ya jeshi katika Vita Vikuu vya Kwanza, 1914 hadi 1918. Jina lilipopita katika midomo ya wenyeji likawa Kariokor hapa kwetu, na kule Dar es Salaam likawa Kariakoo. Mahali paliitwa kwa kazi ya waliokaa pale. Katika utumbo mambo ni kinyume chake: seli hupewa kazi kulingana na mahali inapokaa.

Seli shina haijiamulii mambo peke yake. Imezungukwa na majirani wanaoiambia lini ijigawe, lini itulie, na watoto wake wawe nani. Majirani hao ni hawa:

Kwanza, seli za Paneth. Zimeitwa hivyo kwa jina la Josef Paneth, aliyezieleza mwaka wa 1888. Zinakaa bega kwa bega na seli shina. Kazi yao iliyojulikana tangu zamani ni kutoa dawa ya kuua bakteria. Mwaka wa 2011 Sato na wenzake walionyesha kazi ya pili: zinatoa ishara za Wnt, EGF na Notch ambazo seli shina inazihitaji. Ukiweka seli shina peke yake katika chombo, mara nyingi inashindwa kukua. Ukiiweka pamoja na seli ya Paneth, inastawi.

Pili, seli za tishu iliyo nje ya ukuta wa kishimo. Mwaka wa 2012 watafiti waliwatazama panya wasiokuwa na seli za Paneth, wakashangaa kuona seli shina zingali hai. Iliwabidi waulize, je, nani anazilisha? Jibu lilikuja kwa vipande, na mwaka wa 2018 makundi mawili ya watafiti yalionyesha wazi kuwa kuna seli zilizojipanga nje ya kishimo ambazo nazo hutoa Wnt. Kumbe jirani mmoja akisafiri, kuna mwingine. Heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali.

Tatu, jirani wa kuonya. Juu kuelekea kidoleni kuna ishara inayoitwa BMP. Hiyo husema: "Basi, acha kuzaana, shika kazi." Chini shimoni ishara hiyo huzuiwa na seli za nje, ili seli shina ziendelee kuzaa. Kwa hivyo seli inayopanda inatoka mahali penye sauti ya "zaa" na kuingia mahali penye sauti ya "fanya kazi". Hakuna ukuta katikati, ni sauti moja kufifia na nyingine kupanda.

Nne, seli za kinga. Utumbo ukijeruhiwa, baadhi yake hutoa ishara iitwayo IL-22. Mwaka wa 2015 watafiti walionyesha kuwa ishara hii huzihimiza seli shina kuongeza kasi ya kujenga upya.

Tano ni chakula chenyewe na bakteria wanaoishi humo. Hawa nitawarudia.

Viti vya matatu

Katika kishimo kimoja cha panya kuna seli shina za Lgr5 kama 15. Hesabu hiyo ni sawasawa na matatu ya abiria 14 ukimjumlisha dereva. Kila moja inataka kukaa karibu na seli za Paneth. Lakini kila baada ya siku moja hivi zinajigawa, na viti haviongezeki! Lazima wengine wasukumwe. Anayesukumwa juu anaikosa sauti ya chini, anasikia ya juu, na baada ya muda si seli shina tena. Mwaka wa 2010 makundi mawili ya watafiti yalionyesha kuwa ushindani huu ni kama bahati nasibu: anayebaki hakubaki kwa ubora, alibahatika kukaa penye nafasi.

Je, wote wakifa? Mwaka wa 2011 watafiti wa Marekani waliziua seli zote za Lgr5 katika matumbo ya panya. Utumbo haukuporomoka. Seli nyingine zilizokuwa juu kidogo zilirudi katika nafasi zile tupu na kuwa seli shina. Ndiyo maana nasema kiti kina nguvu kuliko abiria.

Nilikwenda sokoni Kariokor kumtazama mama mmoja anayesuka viondo vya mkonge. Anaanzia kitakoni, na kiondo kinapanda kwa duara. Nikamuuliza ni sehemu gani ngumu. Akanijibu, "Ni hapa chini, mwanangu. Juu hata ukikosea unafumua. Chini ukikosea, kiondo chote kitakaa upande." Nilimshukuru. Alikuwa amenifunza kishimo cha utumbo bila kujua. Tofauti ni moja tu: uzi wa kitako hubaki kitakoni, bali seli hupanda na kuondoka.

Mtoto akiharisha

Sasa turudi kwa mtoto wetu. Virusi vya rota, ambavyo hushambulia sana watoto wadogo, huingia katika seli za kufyonza zilizo kwenye vidole, hasa kuelekea ncha. Vidole hufupika, chakula na maji havifyonzwi vizuri, mtoto anaharisha. Lakini kishimo hubaki salama. Majirani husikia maafa, huongeza ishara, seli shina hujigawa kwa kasi, na baada ya siku chache vidole vipya vinaota. Kipindupindu ni tofauti. Sumu yake haibomoi vidole, bali hulazimisha seli kumwaga maji na chumvi kwa wingi. Nairobi yetu inakijua: kilizuka mwaka wa 2015, kikarudi 2017, na tena 2022 hadi 2023.

Kosa langu lilikuwa wapi? Nilisema utumbo ni mashine. Mashine huzimwa ili fundi aitengeneze. Utumbo hujitengeneza ukiwa kazini, na mafundi wake hula hapo hapo. Seli za utumbo hupata sehemu ya lishe yake moja kwa moja kutoka kwa chakula kinachopita. Wanyama waliolishwa kwa mshipa wa damu pekee, bila kitu kupita tumboni, vidole vyao vya utumbo vilinyauka, ingawa miili yao ilipata lishe. Kwa hivyo kumnyima mtoto chakula ni kama kumwita fundi aje kujenga nyumba iliyobomoka, halafu unamfungia saruji.

Na yale maji ya ORS? Mwaka wa 1960 Robert Crane alieleza kuwa sukari ya glukosi na chumvi huingia katika seli ya utumbo pamoja, kwa mlango mmoja. Vikiingia, maji hufuata. Mlango huo huendelea kufanya kazi hata wakati wa kipindupindu, na hata vidole vikipungua, vilivyobaki vinatosha kupitisha maji mengi. Chai ya rangi haina vipimo hivyo. Mwaka wa 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF yalitoa shauri la pamoja: ORS, zinki kwa siku 10 hadi 14, na kuendelea kumnyonyesha na kumlisha mtoto. Kenya ilianza kutoa chanjo ya virusi vya rota mwezi wa Julai 2014.

Mtaa mchafu, utumbo mfupi

Hebu tutazame pia hali isiyokuwa na kelele. Miaka ya 1960 madaktari wa Mulago, Kampala, walichunguza vipande vidogo vya utumbo wa watu wazima wa Uganda. Badala ya vidole vyembamba, mara nyingi waliona maumbo kama majani mapana na matuta. Je, ni urithi? Jibu lilitokea mbali. Vijana wa Kimarekani waliojitolea katika Peace Corps na kukaa barani Asia nao walipata mabadiliko kama hayo. Ripoti ya mwaka wa 1971 ilionyesha kuwa baada ya kurudi kwao, matumbo yao yalipata nafuu polepole. Basi haikuwa damu. Yalikuwa mazingira: vijidudu vinavyoingia kila siku kwa maji na mikono, kinga ikiwaka bila kuzimika, na kishimo kikifanya kazi ya dharura mwaka mzima. Mtoto wa namna hiyo huenda asiharishe sana, lakini anakula na hakui.

Dawa yake si rahisi. Katika Bungoma, Kakamega na Vihiga ulifanywa utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka wa 2018. Familia zilipewa klorini, vyoo bora na vifaa vya kunawia mikono, nyingine chakula cha nyongeza kwa watoto. Waliopata lishe walirefuka kidogo. Maji, vyoo na kunawa havikuongeza kimo, wala kuhara hakukupungua. Msinielewe vibaya, tusiache kunawa! Maana yake ni kwamba ndoo ya klorini jikoni haitoshi ikiwa mtaro wa nje umejaa kinyesi. Mtaa mzima lazima usafishwe. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mwana asiyesikia

Kuna seli moja ya kuogopwa: ile isiyosikia majirani. Katika saratani nyingi za utumbo mpana, jeni iitwayo APC huwa imeharibika. Seli yenye hitilafu hiyo hujiona kana kwamba inaambiwa "zaa, zaa" na Wnt hata kama hakuna anayeiambia. Mwaka wa 2021 ilionekana kwa panya kuwa seli hizo hutoa kitu kinachowazibia wenzao masikio wasiisikie Wnt, ili zichukue viti vyote. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, lakini huyu hafunziki.

Daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda tangu 1946 hadi 1966, aliona kuwa saratani hiyo ilikuwa adimu kwa watu wa vijijini waliokula vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi. Aliandika hayo mwaka wa 1971. Leo tunajua kuwa bakteria wa utumbo mpana huchachusha nyuzinyuzi na kutoa kitu kiitwacho butireti. Seli za juu hukila kama chakula chao. Mwaka wa 2016 watafiti walionyesha kuwa butireti huzipunguza kasi seli shina, lakini haizifikii kwa wingi kwa sababu seli za juu huimaliza njiani. Umbo lenyewe la kishimo ni ukuta wa ulinzi. Basi usidharau sukuma wiki na maharagwe ya bweni.

Hitimisho

Kabla sijaweka kalamu chini, nawaachia mambo matatu. Mtoto akiharisha, mpe ORS kama ilivyoandikwa kwenye pakiti, mnyonyeshe, mlishe kidogo kidogo, na umpeleke kliniki kuna zinki. Akilegea, macho yakiingia ndani, akishindwa kunywa, au choo kikiwa na damu, usingoje asubuhi. Na wewe unayesoma Bayolojia, ukiulizwa jambo usilolijua, sema hujui. A ya mtihani haimnyweshi mtoto maji.

Likizo ya Agosti nilimsomea Nyanya makala haya. Alisikiliza hadi mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Kwa hivyo hizo mbegu ziko chini, na zinakula?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Ungeniambia ni shamba ningeelewa siku ile. Wewe ulituambia ni mashine."

Msamiati

Seli shina: seli mama inayozaa seli nyingine za tishu na pia kujizaa yenyewe.
Kishimo: kitundu kidogo katika ukuta wa utumbo ambamo seli shina hukaa.
Ishara: kemikali inayotolewa na seli moja kuiamuru nyingine.
Ute: kitu cha kuteleza kinachofunika ukuta wa utumbo.
Kufyonza: kunyonya na kuingiza ndani.

Maswali ya kujipima

1. Taja majirani wanne wa seli shina na kazi ya kila mmoja.
2. "Kiti kina nguvu kuliko abiria." Fafanua kwa kurejelea majaribio ya mwaka wa 2010 na 2011.
3. Eleza tofauti kati ya madhara ya virusi vya rota na ya kipindupindu katika utumbo.
4. Kwa nini mfano wa mashine haufai? Toa mfano wako mwenyewe.
5. Tunga mazungumzo kati yako na nyanya yako kuhusu kumlisha mtoto anayeharisha. Zingatia adabu.